Jarida letu la Jiografia halina impakti fakta. Je, ndiyo kusema halina athari? (Uzi mrefu)

Mwanaramani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nasaidia kazi za uhariri kwenye jarida moja la Jiografia linalotolewa na chuo hapa nchini. Jina lake naliacha, kwa kuwa hoja yangu inayagusa majarida yote ya aina hiyo, yawe ya Dar, Kampala au Nairobi. Kila tukienda kuomba fedha, au mwandishi wetu akipeleka makala yake kwenye kamati ya kupandishwa cheo, swali la kwanza ni lile lile: impakti fakta yenu, yaani wastani wa mara makala za jarida zinavyonukuliwa, ni ngapi? Tukisema hatuna, mazungumzo yamekwisha. Inaniuma kuona kazi ya mtu aliyepanda milima na kupima mito kwa miaka inawekwa kando kwa swali ambalo wengi wanaoliuliza hawajawahi kukaa chini wakatazama linapima nini. Naomba tulitazame hapa kwa utulivu.

Mwaka 1927 wakemia wawili wa Marekani, Gross na Gross, walichapisha hesabu yao kwenye jarida la Science. Walichukua jarida moja la kemia wakahesabu ni majarida gani mengine yanatajwa zaidi kwenye marejeo yake, ili maktaba ya chuo kidogo yenye fedha chache ijue inunue yapi. Lilikuwa swali la mkutubi mwenye bajeti. Mwaka 1955 Eugene Garfield akapendekeza faharasa ya manukuu, yaani orodha ya makala ipi imenukuliwa na ipi, akaanzisha taasisi yake Philadelphia, na kuanzia 1975 ikawa inatoka orodha ya kila mwaka ya majarida na impakti fakta zake. Leo orodha hiyo iko mikononi mwa kampuni ya Clarivate. Garfield mwenyewe aliwahi kuonya zaidi ya mara moja kwamba namba hiyo isitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukitaka impakti fakta ya mwaka 2024, unachukua mara zote ambazo makala za 2022 na 2023 zilinukuliwa ndani ya 2024, unagawa kwa idadi ya makala hizo. Tuseme jarida lilitoa makala 30 kwa miaka hiyo miwili na zikanukuliwa mara 12. Jibu ni 0.4. Sasa tuseme makala moja kati ya hizo, labda ya mafuriko, imepata bahati ikanukuliwa mara 15 zaidi. Jibu linaruka hadi 0.9. Jarida limekuwa bora maradufu? Wahariri ni wale wale, wahakiki ni wale wale, na makala nyingine 29 ziko vile vile. Baada ya miaka miwili ile makala inatoka kwenye dirisha la hesabu na namba inaporomoka. Jarida dogo likipimwa hivi linayumba kila mwaka pasipo sababu yoyote iliyo ndani yake.

Lakini hilo la udogo ni dogo. Kubwa ni hiyo miaka miwili.

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua vizuri. Wasweden wana jarida lao la Jiografia, Geografiska Annaler, lililoanza mwaka 1919. Mwaka 1972 sehemu yake ya A, ile ya jiografia ya maumbile, ilitoa toleo zima juu ya mmomonyoko wa udongo na mashapo Tanzania, likihaririwa na Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Ilikuwa kazi ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala. Humo ndani Temple na Rapp wanaeleza mvua kubwa iliyopiga Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, Februari 1970, ikaangusha maporomoko madogo madogo karibu elfu moja kwa mpigo. Wanaonyesha kuwa karibu yote yalitokea mashambani na kwenye majani, na msituni hakukuwa na kitu cha maana. Makala nyingine inapima mabwawa ya karibu na Dodoma, Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, kujua udongo uliokwisha kuingia ni kiasi gani. Nyingine inasimulia sera za hifadhi ya udongo Uluguru, pamoja na ule mpango wa kikoloni wa kulazimisha matuta ya ngazi ulioishia kwenye vurugu za mwaka 1955.

Kwa kanuni ya miaka miwili, athari ya toleo lile ingehesabiwa 1973 na 1974, kisha daftari lifungwe. Sasa tazameni yaliyofuata. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973. Mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa mwaka 1979. Carl Christiansson alitoa kazi yake kubwa juu ya mmomonyoko kwenye maeneo makavu ya Tanzania mwaka 1981. Watafiti waliopita Kondoa na Uluguru miaka ya themanini, tisini na hadi leo wanarudi kwenye vipimo vile vya 1972. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kushika fimbo ya kupimia: hakuna mtu anayeweza kurudi mwaka 1970 kupima tena lile bwawa. Kwenye maabara ya biokemia, njia ya mwaka juzi inapitwa na njia ya mwaka huu, na ndiko dirisha la miaka miwili lilikopata maana yake. Kwetu sisi kipimo cha mto, cha pwani, cha mpaka wa msitu au cha idadi ya kaya kinapanda thamani kadiri kinavyozeeka. Ndicho cha kulinganishia. Makala ya Jiografia iliyofanywa kwa uangalifu inaanza kazi yake hasa pale impakti fakta inapoacha kuihesabu.

Clarivate wenyewe wana kipimo cha miaka mitano, na pia wanatoa umri wa kati wa manukuu, yaani nusu ya manukuu ya jarida inaangukia makala za miaka mingapi nyuma. Kwa majarida mengi ya sayansi za jamii umri huo unazidi miaka kumi. Sijaona kamati ikiuuliza.

Tuje kwenye jambo la pili, ambalo naona halisemwi: kuhesabiwa kunategemea kuonekana, na kuonekana hakulingani na kutumika.

Scopus, kanzidata ya manukuu ya kampuni ya Elsevier, ilianza 2004. Wanahesabu kwa miaka minne, afadhali kidogo, ila lazima uwe ndani ya orodha yao. Google Scholar nayo ilianza 2004 na inakusanya karibu kila kitu, lakini orodha yake ya majarida inataka jarida liwe limetoa makala zisizopungua 100 kwa miaka mitano. Jarida linalotoa makala 15 kwa mwaka lina 75. Halionekani kabisa kwenye ile orodha, hata kama kila makala yake imesomwa na kila afisa ardhi wa Kanda ya Ziwa. Mtu anafungua, hakuti jina, anahitimisha kwamba ni jarida la uchochoroni.

Halafu kuna suala la majina. Chama cha Jiografia cha Uganda kilianzisha East African Geographical Review mwaka 1963, jarida lililobeba kazi nyingi za kizazi cha kwanza cha wanajiografia wa Makerere na majirani zao. Mizizi hiyo ndiyo iliyozaa African Geographical Review, ambalo leo linachapishwa na Taylor & Francis kwa niaba ya kundi la Afrika la chama cha wanajiografia wa Marekani. Jarida linaendelea, na nalifurahia. Lakini mtu akinukuu makala ya 1967 kwa jina la zamani, mashine haiipeleki lazima kwenye hesabu ya jina jipya. Na lile lenye jina refu kama Journal of the Geographical Association of Tanzania linafupishwa kila mwandishi kwa namna yake, na kila ufupisho mashine inauona ni jarida jingine. Nukuu kumi zinagawanyika makundi manne, na kila kundi linaonekana si kitu.

Usisahau na vile vitabu vyembamba vya BRALUP, ile ofisi ya tathmini ya rasilimali iliyoanzishwa 1967 pale Mlimani na baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Ripoti zile zilipigwa chapa kwa mashine, zikasambazwa wizarani na mikoani. Mipango mingi ilizitegemea. Kwa kanzidata za leo ni kama hazijawahi kuandikwa.

Kwa hiyo napendekeza nini?

La kwanza, tuache kujibu "hatuna impakti fakta" tukanyamaza. Tuje na karatasi yetu ya ushahidi. Programu ya Publish or Perish ya Anne-Wil Harzing ni ya bure tangu 2006, unaielekeza Google Scholar, unatafuta jina la jarida kwa namna zote linavyoandikwa, unaunganisha makundi, unapata manukuu ya makala zote tangu toleo la kwanza. OpenAlex, kanzidata ya makala na manukuu iliyoanza Januari 2022, nayo ni bure na data yake iko wazi kwa yeyote. Chora manukuu kwa umri wa makala. Kama makala zenu za miaka ya themanini bado zinanukuliwa, hiyo picha peke yake ina nguvu kuliko 0.4 yoyote.

La pili, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, tufuatilie matumizi yasiyo na tanbihi. Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira zinazopelekwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Mitaala na vitabu vya sekondari. Tasnifu za uzamili. Uingereza walipofanya tathmini ya vyuo vyao mwaka 2014, asilimia 20 ya alama ilitokana na athari ya utafiti nje ya chuo, na vyuo vilitakiwa kuandika masimulizi yenye ushahidi: nani alitumia, alibadilisha nini. Mwaka 2021 ikapanda hadi asilimia 25. Kama nchi yenye majarida makubwa kiasi kile inaona namba ya nukuu haitoshi, sisi tunang'ang'ania nini?

La tatu nalisema kwa herufi nzito: tusinunue namba. Kuna kampuni zinazoandikia majarida barua pepe zikiahidi "impakti fakta" kwa ada. Impakti fakta ya kweli inatolewa na Clarivate tu, na jarida halilipii kupewa. Ukibandika namba ya kununua kwenye tovuti yako, umewapa watu sababu ya kukudharau, na hata makala zako safi zitachafuka nayo.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa hoja.

---

Mhadhiri Mdogo

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na nakubaliana na mengi. Lakini niseme ukweli wa sisi tulio chini. Mimi nina miaka kadhaa kwenye cheo kimoja. Nikichapisha makala yangu ya pwani kwenye jarida la hapa, itasomwa na watu wanaoijua ile pwani. Nikiipeleka Ulaya, wahakiki wataniambia nipunguze maelezo ya mahali, niongeze nadharia, na mwisho itasomwa na watu ambao hawatafika huko kamwe. Ila ya pili ndiyo itakayonivusha kwenye kamati. Hata wizara ilipoanzisha tuzo kwa watafiti, ilitazama majarida ya juu ya kimataifa. Mimi nina familia. Unanishauri nijitoe mhanga kwa ajili ya jarida la kanda?

---

Mwanaramani

Hapana ndugu yangu, sikushauri hivyo. Peleka makala yako inakokuvusha. Mzigo huu haupaswi kubebwa na mhadhiri mdogo, unapaswa kubebwa na wanaoandika vigezo.

Wana pa kushika. Azimio la San Francisco, DORA, lilitoka mwaka 2013 na pendekezo lake la kwanza linasema vipimo vya jarida visitumike badala ya kupima ubora wa makala yenyewe, wala kwenye kuajiri, kupandisha vyeo au kutoa fedha. Mwaka 2015 ikafuata Ilani ya Leiden kwenye jarida la Nature, yenye kanuni kumi. Kanuni ya tatu inazungumzia hasa kulinda utafiti bora unaohusu mahali husika. Ni maandishi ya watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuhesabu manukuu, na wao ndio wanaosema namba zisimeze hukumu ya wanaojua. Chuo chochote kinaweza kusaini DORA bila kulipa, kisha kikaandika kwenye mwongozo wake kwamba kamati isome makala, iache kusoma jina la jarida tu.

Na hilo ulilosema la kuambiwa upunguze maelezo ya mahali, hilo ni jeraha halisi la fani yetu. Ukiondoa mahali kwenye Jiografia umebaki na nini?

---

Afisa Ardhi Wilayani

Salaam wakuu. Mimi si mtu wa chuo, nafanya kazi ya mipango ya matumizi ya ardhi huku wilayani. Naomba niseme jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu mleta mada amegusa penyewe.

Tunatumia makala za majarida ya hapa. Tunazipata kwa WhatsApp, mtu anatuma PDF kwenye kundi, mwingine anatoa nakala. Tunapoingia kijijini na timu ya uandaaji mpango, tunakuwa na ramani, tunatembea na wazee, tunaangalia mito, njia za mifugo, makorongo. Kama kuna makala iliyoeleza lile bonde miaka kumi nyuma, inatusaidia sana kubishana kwa hoja pale wafugaji na wakulima wanapovutana. Lakini mpango ukiandikwa, hakuna ukurasa wa marejeo. Fomu haina nafasi hiyo. Unaandika mipaka, matumizi, sheria ndogo, mihtasari ya vikao, sahihi, basi. Kwa hiyo mtu akitafuta kwenye kompyuta atasema makala ile haikutumika popote. Na ilitumika kweli kweli.

Ombi langu kwenu wahariri ni moja. Andikeni ikisiri kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja tu, wenye jina la kata na kijiji, na ramani inayosomeka ikichapwa nyeusi na nyeupe. Diwani hataki nadharia. Mwenyekiti wa kijiji anataka kujua korongo limesogea kiasi gani na kwa nini.

---

Mkutubi wa Bara

Nawasalimu. Nafanya kazi ya ukutubi, na nataka niongezee kwa upande wa tasnifu, kwa sababu ndiyo hazina mnayoipita.

Vyuo vyetu vingi sasa vina hazina za kidijitali: Sokoine wanayo, Nairobi wanayo, Dar wanayo. Humo kuna tasnifu nyingi za uzamili na uzamivu katika PDF zinazotafutika maneno ndani. Hawa ndio wasomaji wakubwa wa jarida la kanda. Mwanafunzi anayeandika kuhusu Pangani au Mara atanukuu makala ya hapa kwa sababu hakuna nyingine inayohusu lile bonde. Orodha kuu ya Web of Science, kanzidata ya Clarivate inayotoa impakti fakta, haihesabu tasnifu, na Scopus vivyo hivyo. Google Scholar inazikamata baadhi tu. Chukueni jarida lenu, tafuteni jina lake ndani ya hazina hizo moja moja, kwa ufupisho wote. Ni kazi ya mikono na inachosha, lakini mwanafunzi mmoja wa maktaba akipewa muda anaimaliza.

Kisha nyumba yenu wenyewe iwe safi. Jarida lolote linaloendeshwa kwa programu ya Open Journal Systems, kama yalivyo mengi ya vyuo vyetu, tayari lina mlango wa kutoa taarifa za makala kwa mashine. Tatizo ni kinachojazwa. Nakuta makala ambazo jina la mwandishi limeandikwa kwa herufi za kwanza tu, orodha ya marejeo haijawekwa, toleo la Juni limepandishwa Machi ya mwaka mwingine. Hapo hata nukuu iliyopo inapotea. Pateni namba za DOI, yaani vitambulisho vya kudumu vya makala, kupitia shirika la Crossref. Tangu Januari 2023 wana mpango unaoitwa GEM unaoondoa ada kwa nchi zenye kipato cha chini, na Tanzania imo. Pelekeni marejeo pamoja na DOI, maana bila marejeo mnapokea tu bila kutoa, na ramani ya nani amemnukuu nani haikamiliki.

Ombeni pia kuingia DOAJ, ile orodha ya majarida yanayosomwa bila malipo, ni bure. Na AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyoko Afrika Kusini, kazi yake iliyoanza 1998 imeyafanya majarida mengi ya bara hili yaonekane kabla hatujajua tovuti ni nini.

---

Mdau wa Takwimu

Mleta mada, hoja nzuri, ila naomba nikukabe kidogo. Ukisema "tufuatilie matumizi yasiyo na tanbihi", unafungua mlango kwa kila mhariri kujisifia. Nitajuaje kwamba mpango fulani ulibadilika kwa sababu ya makala fulani? Afisa Ardhi hapo juu ametoa ushuhuda mzuri, lakini kamati itauliza uko wapi ushahidi. Namba ya nukuu, pamoja na ubovu wake, mtu mwingine anaweza kuihesabu upya akapata jibu lile lile. Simulizi haihesabiki upya. Na kuna makala nyingi kwenye majarida ya kanda ambazo kusema kweli hazikutumiwa na mtu yeyote, kwa sababu hazikuwa na kitu. Tusije tukazificha nyuma ya neno "athari ya mahali".

---

Mwanaramani

Hapo umenipiga pazuri, na nakushukuru. Nakubali kabisa kwamba simulizi bila kielelezo ni maneno matupu, na kwamba makala dhaifu zipo na zisitetewe.

Ndiyo maana nataka kila dai libebe kitu kinachoshikika. Nitaeleza ninavyolifikiria. Makala ikitoka, tunaipeleka sisi wenyewe kwa ofisi zilizotajwa ndani yake, kwa barua yenye kumbukumbu namba: halmashauri, ofisi ya bonde la maji, wakala wa misitu. Baada ya muda tunaandika tena kuuliza mambo matatu tu: iliwafikia, ilitumika kwenye kazi gani, na nyaraka ipi inaonyesha hivyo. Jibu likija na muhtasari wa kikao au ukurasa wa ripoti, linaingia kwenye jedwali. Likija "asante tumepokea", linaandikwa vile vile, limepokelewa, matumizi hayajulikani. Ofisi isipojibu, tunaandika haikujibu. Jedwali lote linawekwa hadharani pamoja na nafasi zilizo tupu. Mtu yeyote anaweza kupiga simu kwenye ofisi hiyo akahakiki.

Na palipo na ripoti zenye marejeo, tuzihesabu. Kuna kanzidata za manukuu kwenye nyaraka za sera, kama Overton iliyoanza 2019, lakini inakamata kilichoko mtandaoni. Ripoti nyingi za mazingira za huku kwetu ziko kwenye makabati, kwa hiyo lazima mtu aende.

Kuhusu kuhesabika upya, naomba na namba zenyewe tuzipe masharti hayo hayo. Impakti fakta ina mwanya wake: tahariri na mapitio ya vitabu hayahesabiwi kwenye idadi ya makala inayogawa, lakini yakinukuliwa yanaongeza idadi ya manukuu inayogawanywa. Kuna majarida yaliyowahi kuondolewa kwenye orodha kwa kujinukuu kupita kiasi au kunukuliana kwa makubaliano. Na Clarivate waliyaingiza majarida ya orodha yao ya chipukizi kwenye impakti fakta kuanzia mwaka 2023, wakapunguza desimali kutoka tatu hadi moja. Wao wenyewe wameona kwamba kutofautisha majarida kwa tarakimu ya tatu baada ya nukta hakukuwa na maana. Sasa kamati yetu inayompa mtu alama kwa tofauti ya 0.1 inafuata nini?

---

Mhadhiri Mdogo

Hili jedwali nalipenda. Ila nani atalifanya? Wahariri wa majarida ya huku wanafanya kazi hiyo juu ya mzigo wa kufundisha, wengi bila posho. Ukiongeza kuandikia halmashauri, jarida litachelewa zaidi, na kuchelewa ndiko kunakoyaua. Scopus wanatazama sana kama matoleo yanatoka kwa wakati.

---

Mwanaramani

Ni kweli, na kutoka kwa wakati ndiyo sharti la kwanza. Jarida lisilotoka lina athari sifuri kwa kipimo chochote. Kama nguvu iliyopo inatosha jambo moja tu, liwe hilo.

Kwa jedwali, nafikiria tusifanye kwa makala zote. Tuchague zile zinazotaja mahali na uamuzi, mathalani makala ya mafuriko ya bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako tangu mafuriko ya Desemba 2011 mji umekuwa ukihangaika na swali la nani akae wapi, na ambako vijana wa Ramani Huria walianza kuchora mitaa mwaka 2015. Makala ya namna hiyo ina watumiaji wanaojulikana kwa majina ya ofisi zao. Makala ya mapitio ya nadharia haina, nayo iachwe ipimwe kwa nukuu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wa Jiografia wanatafuta kazi za mafunzo kwa vitendo kila mwaka, kufuatilia makala kumi kwenye ofisi za mkoa mmoja ni kazi inayowafaa, na wanajifunza jinsi utafiti unavyoishi nje ya darasa.

Ikisiri ya Kiswahili tutaianza toleo lijalo. Afisa Ardhi, ulichosema kimeingia, nitakuomba usome ya kwanza kabla haijatoka.

Jambo la mwisho kwa wote. Ili kuchora manukuu kwa umri wa makala tunahitaji orodha kamili ya yaliyochapishwa, na matoleo ya miaka ya sitini na sabini hatunayo yote. Mwenye nakala za majarida ya Jiografia ya Afrika Mashariki au ripoti za BRALUP nyumbani, kwa mzazi aliyestaafu, au kwenye stoo ya shule, naomba apige picha ukurasa wa yaliyomo na jalada lenye mwaka na namba ya toleo, anitumie inboksi. Makala zenyewe tutazungumza baadaye, pamoja na ruhusa za wenye haki.

---

Mkutubi wa Bara

Yapo machache kwetu, kwenye chumba cha vitabu visivyoazimwa. Nitaanza na jalada na yaliyomo kama ulivyosema. Niambie tu kama mnataka na orodha ya wahariri ya kila toleo, kwa sababu inakuwa ukurasa wa ndani wa jalada na watu wengi huiruka wanapopiga picha.

---

Mwanaramani

Tunaitaka sana. Na kama kuna muhuri wa ofisi iliyokuwa ikipokea nakala hiyo, piga picha na muhuri.